Watamu, Mji Mdogo wa Ndege wa Kaskazi na Kusi

Mwezi wa Agosti, upepo wa kusi ukiwa bado unavuma, ndege weupe wenye migongo myeusi na midomo minene huanza kuonekana kwenye matope ya hori ya Mida, kusini mwa mji wa Watamu katika Kaunti ya Kilifi. Wametoka mbali. Miezi michache tu nyuma walikuwa kwenye fukwe na visiwa vya mchanga vya Oman na nchi za Ghuba, wakichimba mashimo marefu ardhini na kutaga humo yai moja moja. Katika ukoo mzima wa ndege wa ufukweni hakuna mwingine mwenye desturi hiyo. Mchanga wa huko huwaka moto wakati wa kiangazi, na joto lake huwasaidia kuliatamia yai. Chakula chao kikubwa ni kaa, basi tuwaite ndege wala kaa.

Wanapofika Mida huwa wameandamana na makinda ya mwaka huo. Kinda lililovuka bahari zaidi ya kilomita 2,500 bado humfuata mzazi wake kwenye tope likililia chakula, na mzazi humkamatia kaa, akamvunjavunja, akampa. Ukikaa kimya pembeni mwa mikoko utaisikia sauti hiyo ya kulilia kabla hujawaona wenyewe. Watabaki hapa mpaka Machi au Aprili, kisha watarudi Arabuni kwenda kuchimba mashimo yao upya. Ndiyo njia iliyopitwa na majahazi kwa karne nyingi, ila manahodha walilazimika kungoja kaskazi ianze kuvuma ndipo wateremke huku.

Watamu ni mji mdogo. Barabara yake hutoka Gede, kwenye njia kuu ya Mombasa na Malindi, hukata mashamba ya minazi na mikorosho, na kuishia baharini. Wengi wajao hapa huja kwa ajili ya mchanga mweupe, wakaoga, wakala samaki, wakarudi walikotoka wakidhani wameuona mji. Lakini ndani ya kilomita 30 hivi kuuzunguka kuna hori yenye mikoko, msitu wa pwani ambao hauna mfano wake kwa ukubwa Afrika Mashariki, magofu ya mji wa Waswahili yaliyogeuka makao ya kima na ndege, mdomo wa mto mkubwa, na miamba ya matumbawe inayolindwa kisheria tangu 1968. Sijui mji mwingine wa kiasi hiki kwenye mwambao wetu uliojaliwa hivyo. Linaloniuma ni kwamba vitabu vya wageni vimewaeleza ndege hawa kinaganaga, ilhali mtoto aliyezaliwa Kilifi, Mombasa au Tanga anaweza kumaliza shule asijue kwamba wapo.

Tuanze na Mida yenyewe. Hori hii ina eneo la kilomita za mraba 32 hivi na ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu. Maji yake huingia na kutoka kwenye mlango mmoja mwembamba, na yanapokupwa huacha wazi uwanda mpana wa tope na mchanga uliojaa kaa, chambo na konokono wa baharini. Hapo ndipo ndege hula. Maelfu ya vitwitwi wa aina mbalimbali hutawanyika humo kuanzia Septemba hadi Aprili, wengine wakiwa wametoka nyika za Asia ya kati na wengine pwani za Siberia, kule ambako jua la kiangazi halitui. Wako wadogo wanaokimbia na kusimama ghafla, wako wenye midomo iliyopinda juu, wako wenye midomo iliyopinda chini na mirefu kiasi cha kufikia mnyoo aliyejificha kwenye shimo refu. Kila mdomo una kina chake, ndiyo maana aina nyingi hula uwanja mmoja bila kupigana.

Kosa la mgeni ni kufika saa yoyote ile. Maji yakiwa yamekupwa kabisa ndege wako mbali sana, nukta tu kwenye mng'ao wa tope, na hata darubini nzuri haitakusaidia kuwatambua. Yakiwa yamejaa kabisa, hawapo. Wamekwenda kulala mahali pengine. Saa nzuri ni maji yanapojaa. Hapo bahari huwasukuma kidogo kidogo kuelekea ufukweni, uwanja wao unazidi kuwa mwembamba, nao wanazidi kukusogelea wakila haraka haraka kabla tope halijafunikwa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huenda mbali na hurudi kwa kasi, na huo ndio wakati wa kuona mengi kwa muda mfupi. Siku za maji mafu mambo huwa polepole. Mvuvi yeyote wa vijiji vya Dabaso au Mida atakwambia maji yatajaa saa ngapi kesho bila kutazama karatasi, kwa hiyo muulize yeye kwanza kabla ya kukodi tuktuk.

Upande wa kaskazini magharibi wa hori wenyeji, kwa kushirikiana na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya, walijenga daraja la mbao na kamba linalopita juu ya mikoko na kuishia kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Ada ya kuvuka hapo na kwenye msitu wa jirani husaidia mpango wa kulipia karo watoto wanaotoka familia zinazopakana na hori na msitu huo, Arabuko-Sokoke. Mpango huo ulianza 2001. Nauona kuwa mojawapo ya mambo ya busara yaliyofanywa pwani katika uhifadhi, kwa sababu haukumwendea mzazi na hotuba. Ulimwonyesha kwamba mkoko uliosimama unaweza kumlipia mwanawe shule ya sekondari, na kwa kupokea fedha hizo familia iliahidi kutokata miti wala kutega wanyama.

Ukiwa darajani, usiwatazame ndege wa mbali tu. Chini yako kuna mkandaa, mchu na mkoko wenye mizizi iliyotanda, na kwenye mizizi hiyo kaa wenye gando moja kubwa hupunga siku nzima. Mdiria wa mikoko hukaa kimya kwenye tawi la chini, mgongo wake wa samawati, mdomo mwekundu. Kuelekea machweo, kati ya Oktoba na Aprili, makundi ya ndege wala nyuki wenye rangi nyekundu iliyokoza hurudi kutoka bara kuja kulala kwenye mikoko. Huja juu kwa juu, kundi baada ya kundi, mpaka miti yote ya upande mmoja inabadilika rangi. Pakiti za karanga na makopo ya soda yaache kwenye gari. Upepo wa hapo hauna adabu na kila kinachodondoka huishia tumboni mwa kasa.

Msitu wa Arabuko-Sokoke ni habari nyingine. Uko ng'ambo ya barabara kuu, na lango lake la Gede liko karibu kabisa na njia panda ya Watamu. Una kilomita za mraba 420 hivi, na ndio msitu mkavu wa pwani mkubwa kuliko wote uliobaki ukiwa kipande kimoja katika Afrika Mashariki. Zamani misitu ya namna hii ilifuatana kwenye mwambao kutoka Somalia hadi Msumbiji. Sasa imebaki vipande vipande, na vingi ni vidogo kuliko shamba la mkonge. Huu ulinusurika kwa sehemu kwa sababu udongo wake haufai sana kwa kilimo, na kwa sehemu kwa sababu serikali ya kikoloni iliutangaza rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1943 ikiwa na hamu ya mbao. Mbambakofi na muhuhu ilikatwa kwa miaka mingi. Muhuhu hasa ulipendwa na wachongaji vinyago, na iliyosimama leo ni michache kulinganisha na visiki.

Anayeingia mara ya kwanza hudhani msitu ni mmoja. Ni mitatu. Ukitoka upande wa bahari unapita kwenye msitu wa mchanganyiko, wenye miti ya kila namna, mitambaazi na kivuli kizito. Ukizidi kwenda magharibi mchanga unakuwa mweupe, na miti inabadilika kuwa mrihi mtupu, iliyoachana, yenye mwanga mwingi. Huo mrihi Watanzania wanaujua kwa jina la mtundu. Ni mti wa miombo ya Tabora, na pwani hii ya Kenya iko karibu na mwisho wake wa kaskazini. Ukizidi kwenda tena, udongo unageuka kuwa mwekundu ghafla, na miti inakuwa mifupi, iliyobanana, vichaka ambavyo mtu mzima hawezi kupenya bila kuinama. Kila msitu una ndege wake, na ndege wa mmoja ni nadra kumkuta kwenye mwingine ingawa umbali kati yao ni wa kutembea kwa miguu.

Kwenye hicho kichaka chekundu anaishi bundi mdogo wa Sokoke. Ana kimo cha sentimita 16 hivi, uzito wake haufiki robo ya embe dodo, na wanasayansi hawakumjua mpaka 1965. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba hayuko popote pengine duniani ila msitu huu, hadi 1992 alipopatikana pia kwenye vilima vya chini vya Usambara Mashariki, Tanzania. Wako wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya udongo mwekundu, na mara nyingi dume na jike hulala mchana bega kwa bega kwenye tawi la chini, macho yamefumbwa, mita mbili tu kutoka ardhini. Unaweza kusimama mbele yao usiwaone.

Wanaowaona ni waongozaji wa hapa. Wengi wao ni vijana wa Kigiriama waliokulia kwenye vijiji vinavyopakana na msitu, na baadhi walijifunza kwa wazee waliowahi kuingia humo kwa ajili ya asali, dawa na nyama. Mwongozaji huwasikiliza bundi usiku, akakisia walikokwenda kulala, kisha alfajiri akaingia kichakani peke yake huku wewe ukingoja njiani. Akirudi atakuita kwa ishara ya mkono. Pwani yetu bundi akilia juu ya paa watu hutafuta jiwe la kumfukuzia, wakiogopa mkosi. Katika vijiji hivi bundi mdogo wa Sokoke amelisha watoto na kuezeka nyumba, na sioni hoja yenye nguvu zaidi ya hiyo kwa anayetaka watu wabadili mawazo juu ya ndege huyu.

Kwenye mrihi, tazama juu. Makundi ya ndege wa aina tofauti hupita pamoja kwenye vilele, na kundi likipita ni lazima utazame haraka, maana dakika tano baadaye pamekuwa kimya kama kwamba hapakuwa na kitu. Humo yumo chozi wa Amani, ndege mdogo anayeshirikiwa na Arabuko-Sokoke na Usambara. Humo pia hupita mnana wa Kilifi, wa rangi nyeusi na njano, ambaye haishi mahali pengine popote duniani isipokuwa kaunti hii moja. Chini, kwenye majani makavu, hutembea ndege mmoja mwenye michirizi kifuani ambaye hupatikana pia kwenye misitu ya Pugu karibu na Dar es Salaam. Ndege zaidi ya 230 wamehesabiwa katika Arabuko-Sokoke, na kadiri ya sita kati yao wamo kwenye orodha ya walio hatarini duniani.

Mnyama wa kutafuta hapa ni sange mwenye kiuno cha dhahabu. Ana ukubwa wa sungura mdogo, pua ndefu inayochezacheza, miguu myembamba, na manyoya ya manjano yanayong'aa matakoni. Wengi humdhania panya. Damu yake iko karibu zaidi na ndovu kuliko na panya, na wanasayansi wamelithibitisha hilo kwa vinasaba. Dume na jike hukaa pamoja maisha yao yote katika eneo lao, lakini kila mmoja hutembea kivyake akichakura wadudu kwenye majani. Akishtuka hupiga mkia chini kwa nguvu, pa pa pa, halafu hukimbia akionyesha kiuno hicho kinachong'aa. Adui akirukia hapo panapong'aa, hukuta ngozi nene kuliko mahali pengine popote mwilini, na sange huponyoka. Duniani kote anapatikana pwani hii ya Kenya tu, sana sana kwenye msitu huu.

Ndovu wako pia, zaidi ya 100, wamezungushiwa uzio wa umeme ili wasishuke mashambani. Kuwaona si rahisi, na kwa miguu si jambo la kutamani. Ukikuta kinyesi kibichi njiani mfuate mwongozaji wako atakapokuambia mrudi. Paa nunga, ambaye watu wa Unguja wanamjua kutoka Jozani na misitu ya matumbawe ya kusini, alikuwa wa kawaida humu lakini mitego ya nyaya imempunguza mno. Hili la mitego ni kubwa kuliko linavyozungumzwa. Waya mmoja uliotegwa na kusahauliwa huendelea kuua miezi kadhaa baada ya aliyeutega kuhama kijiji, na makundi ya wanavijiji huingia msituni kwa kujitolea kuzing'oa. Wanastahili kulipwa, na wanastahili kutajwa majina yao hadharani siku za sherehe za taifa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakazi wengi waliopakana na msitu walitaka ukatwe wapewe mashamba. Hawakuwa watu wabaya. Ndovu walikuwa wanakula mahindi yao, nyani wanang'oa mihogo, na msitu haukuwa umewapa chochote. Mwaka 1993 ukaanza mradi wa Kipepeo, wenye ofisi zake kwenye uwanja wa magofu ya Gede. Wakulima walifundishwa kukamata vipepeo wachache msituni, kuwazalisha kwenye vizimba vya neti nyumbani, na kuuza mabuu yaliyojifunga ambayo husafirishwa hadi nyumba za maonyesho Ulaya na Marekani. Kipepeo huhitaji jani la mti fulani ili kiwavi wake ale, na mti huo uko msituni. Ukiukata, biashara imekufa. Arabuko-Sokoke una zaidi ya aina 260 za vipepeo, na mama mwenye vizimba vitatu nyuma ya jiko huwajua wengi wao kwa sura kuliko mhitimu wa chuo.

Magofu ya Gede yenyewe yanafaa asubuhi nzima. Mji huu wa Waswahili, wenye msikiti wa Ijumaa, kasri na visima virefu, ulihamwa katika karne ya 17, na msitu ukaufunika. James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Watu huja kwa ajili ya kuta. Mimi nawaomba watazame mibuyu na mikuyu iliyoota kati ya kuta, maana humo hondohondo hupiga kelele asubuhi na kulukulu wa kijani hurukaruka akionyesha mabawa yake mekundu. Kuanzia Aprili hadi Oktoba, wakati wa kusi, ndege mmoja adimu mwenye madoa kifuani huja kutoka misitu ya kusini akachakura majani makavu kwenye vijia vya magofu haya, kimya, karibu na watu. Na kwa asiye na siku ya kuingia Arabuko-Sokoke, Gede ni mahali rahisi pa kumwona sange. Kaa kwenye jiwe mbali na kundi la wanafunzi, usitikisike, usikilize majani. Kima wataletewa chakula na wageni, nawe usiwape. Kima aliyezoea ndizi za watu huishia kuuma mtoto.

Kabla ya kuondoka Gede, kituoni kuna mahamri na mbaazi ya nazi asubuhi. Safari ya ndege huanza gizani, na kufikia saa tatu tumbo hudai haki yake.

Ukienda kaskazini ukaipita Malindi, unafika daraja la Sabaki. Mto huu ndio Athi wa Nairobi na Galana wa Tsavo; hubadili jina njiani lakini maji ni yale yale, na udongo ni ule ule. Mvua zikinyesha bara, mashamba na vilima vilivyovuliwa miti vya Machakos na Kitui humeguka na kuteremka hadi hapa, na bahari ya Malindi hugeuka kahawia maili nyingi. Wenye hoteli hulalamika, na wana haki. Wavuvi hulalamika zaidi, kwani tope hilo huyafunika matumbawe. Lakini mdomo wa mto kwa upande wake umetandaza fungu la mchanga, tope na vidimbwi ambalo ndege wamelipenda.

Hapo wakati wa kaskazi membe hutua kwa maelfu, na vitwitwi wa Siberia hujazana kando ya maji. Heroe hufika baadhi ya miezi, kisha hutoweka bila kuaga. Kati ya Aprili na Septemba huja wageni wa upande mwingine kabisa: ndege wa rangi ya kahawia wenye mabawa marefu kama ya mbayuwayu, wanaozaa Madagaska na kuvuka bahari kuja kupumzika Sabaki wakati huko kwao kuna baridi. Hivyo mto hauna msimu mtupu. Wale wa Arabuni na Asia wanapoondoka, wale wa Madagaska wanaingia, na kwa wiki chache za Aprili unaweza kuwakuta wote kwenye fungu moja la mchanga, wengine wakinenepa kwa safari na wengine wakipumzisha mabawa. Kwa mtu mwenye wikendi moja tu ya kutoka kazini, Aprili kabla ya masika kupamba moto ndiyo ningemchagulia.

Tahadhari ya Sabaki ni viboko. Wanakaa mtoni, na jioni hupanda kula nyasi kwenye njia hizo hizo unazopita wewe. Nenda na mwongozaji wa kikundi cha wanakijiji, rudi jua likiwa bado juu, wala usikate njia kati ya kiboko na maji.

Ng'ambo ya Sabaki, kuelekea Marafa, iko Dakatcha. Hapa sitamshauri mtu aende peke yake, barabara ni mbaya na maji ni haba, lakini ni lazima niitaje. Yule mnana wa Kilifi alikuwa anajulikana na wanasayansi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, akionekana kila mwaka Arabuko-Sokoke, na hakuna mtaalamu aliyejua anakwenda kuzaa wapi. Mwaka 2013 ndipo viota vilipopatikana Dakatcha, kwenye madimbwi ya msimu yenye ndago, mvua iliponyesha. Aina nzima ya ndege inategemea madimbwi hayo, na Dakatcha haina ulinzi wa msitu wa serikali. Ni ardhi ya jamii na ya watu binafsi. Mrihi wake unakatwa kwa ajili ya mkaa, na mashamba ya mananasi yanasonga mbele kila mwaka. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 palikuwa na mpango wa kufyeka sehemu kubwa ili ilimwe mibono ya mafuta ya mitambo. Wenyeji na wahifadhi waliupinga na haukutekelezwa. Tangu hapo mashirika ya uhifadhi yamenunua vipande vya ardhi, na vikundi vya wanavijiji vinafundisha kilimo cha alizeti na ufugaji nyuki. Ni kazi ngumu. Gunia la mkaa lililowekwa kando ya barabara huleta fedha leo, na nyuki huleta mwakani.

Kwa hiyo ninaposema ndege wa Watamu, nasema pia juu ya jiko la Mombasa na Malindi. Mkaa wa Dakatcha hautumiwi na watu wa Dakatcha. Anayetaka kumsaidia mnana wa Kilifi anaweza kuanza kwa kubadili anachopikia, na serikali ya kaunti ingemsaidia zaidi kwa kupunguza bei ya gesi vijijini kuliko kwa kumkamata mchoma mkaa mwenye watoto sita.

Baharini nako kuna la kusema, ingawa kwa ufupi. Kwenye mlango wa Mida kuna mwamba ambao kwa mbali una umbo la nyangumi. Kati ya Juni na Oktoba, wakati wa kusi, membe wenye vifua vya rangi ya waridi hutaga juu yake, mayai wazi kwenye jiwe. Mtu akipanda hapo ndege wote huruka, na jua la dakika chache tu linatosha kuyapika mayai. Nahodha wa mashua akikuahidi kukushusha huko miezi hiyo, mkatalie, mwambie mzunguke kwa mbali. Kwenye fukwe za Watamu kasa hutaga usiku, na tangu 1997 kuna kituo ambacho sasa kinaitwa Local Ocean Conservation kinacholinda viota na kuwatibu kasa walionasa nyavuni. Mvuvi aliyemnasa kasa kwa bahati mbaya hupiga simu, kasa huchukuliwa akiwa hai, naye hupewa kitu cha kufidia wavu na muda wake. Zamani kasa huyo angeishia sufuriani.

Najua kuna watakaosema haya ni mambo ya wazungu wenye kofia pana na darubini za bei ya pikipiki. Sikubaliani nao hata kidogo. Mgiriama wa Dabaso, Mbajuni wa Watamu na Mswahili wa Malindi walikuwa wakiisoma pwani hii kwa ndege na pepo muda mrefu kabla ya mgeni yeyote kuandika kitabu: membe wakizunguka mahali pamoja, wavuvi walijua samaki wako wapi. Elimu hiyo ipo, inazeeka pamoja na wenye kuijua, na shule nyingi za hapa jirani zina basi la kwenda mashindano ya michezo lakini hazijawahi kulipeleka Mida, safari isiyofika nusu saa. Walimu wakuu wa Kilifi wanaweza kulirekebisha hilo muhula huu huu. Ada ya mwanafunzi mkazi ni ndogo, na waongozaji wa hapa hufurahi kuzungumza na watoto kwa Kiswahili na Kigiriama, lugha ambazo wageni wao wengi hawazijui.

Kwa msomaji anayetaka kwenda, panda matatu ya Malindi ukitokea Mombasa, shuka Gede, kilomita zaidi ya 100. Vaa nguo za rangi isiyopiga kelele, viatu vilivyofunika kidole, na paka dawa ya mbu. Darubini si lazima siku ya kwanza, mwongozaji atakuazima yake. Agana naye jana yake, umuulize maji yatajaa saa ngapi Mida, upange msitu asubuhi na hori alasiri au kinyume chake kulingana na jibu lake. Mlipe anachostahili bila kumpunja, na uwe langoni pa msitu kabla ya saa kumi na mbili na nusu alfajiri.